Mraba wa Tisa

Saa tano na dakika arobaini na mbili
bahari ya Clare ilikuwa imekupwa mpaka ikaonyesha mbavu.
Tulitoka Athlone gizani, sisi watu wa bara,
watu wa mto na majani ya ng'ombe, buti za kuazima miguuni,
na Bi. Gormley mbele ya basi akihesabu vichwa
mara mbili, kisha mara ya tatu,
maana ulimi wake bado huteleza ukasema ishirini na tatu.

Tuko ishirini na wawili.
Kiti kando ya Fiachra kilikaliwa na begi.

Kazi ni hii: mraba wa waya, nusu mita kwa nusu mita.
Urushe nyuma ya bega. Utakapoangukia
ndipo upige magoti, uhesabu.
Usichague. Ukichagua, alisema Bi. Gormley,
hutauhesabu ufuo, utajihesabu mwenyewe.

Fiachra alichagua.
Mraba wa kwanza hadi wa nane ulianguka penye neema:
kome wamebanana hata maji hayana pa kupita,
kaa wa kifungo cha shati, mwani wenye malengelenge
ambayo Dáithí aliyapasua kwa kisigino, pu, pu,
na wale konokono wa kofia
(jina lao la Kilatini lilinikwama menoni)
wameng'ang'ania jabali kama deni.

"Geuka," Bi. Gormley akasema nyuma yetu.
"Fumba macho. Sasa rusha."

Waya ukaruka, ukalia juu ya mwamba,
ukatulia juu ya jiwe tupu.
Tupu kama sahani iliyorambwa.

"Andika nne," Fiachra akaninong'oneza. "Nani atajua?"
Nilishika penseli; kalamu ya wino hukataa karatasi ya chumvi.
Nikamwambia sifuri nayo ni hesabu.
Haikuwa busara. Ilikuwa baridi,
na vidole vyangu havikutaka kuandika zaidi ya tarakimu moja.

Ndipo akaiona: pete ndani ya jiwe,
upana wa sarafu ya euro mbili, imelika polepole.

Bi. Gormley akachutama, wimbi likamwingia butini, asijali.
Mwenye kofia, alisema, hukisaga kiti chake miaka na miaka
mpaka ukingo wa gamba na jiwe vikubaliane.
Maji yakijaa hutoka kwenda kula.
Yakipwa hurudi papo hapo, si unywele pembeni.

"Sasa yamekupwa," Fiachra akasema.
"Ndiyo."
"Basi yuko wapi?"

"Pengine ndege. Pengine dhoruba ya Januari. Pengine..."
akaitazama saa yake, akaenda kumkemea Dáithí.

Fiachra akatia kidole gumba ndani ya pete. Kikaenea.
Hakusema lolote juu ya Caoimhe,
wala nyumba ile ya karibu na mfereji, yenye kibao cha wakala uani,
wala Perth, ambako saa hiyo jua lilikwisha kuzama
na mtu fulani alikuwa akifuta meza ya chakula cha jioni.
Mimi pia sikusema.
Nikaandika 0,
na kwenye safu ya maoni, kwa herufi za mchwa:
hapa palikuwa na mwenyewe.

Kisha maji yakageuka. Hayakutuarifu,
yalianza tu kupita kati ya miguu yetu
kama wageni wanaoijua nyumba.
Basi lilinuka mwani hadi Athlone;
Dáithí alikuwa ameficha fungu zima chini ya kiti cha dereva.

Ripoti ilirudi wiki ya pili: kumi na nne kwa ishirini.
Grafu yangu haikuwa na vipimo kwenye mhimili.
Kando ya mraba wa tisa, wino mwekundu: Hii si takwimu.
Na chini yake, kwa penseli, hafifu,
kama aliyerudi baadaye: Lakini usifute.